Mbwa Aliyekula wa Mwisho

Ukichukua mbwa aliyelelewa bomani, usimwekee chakula kwanza. Kula wewe, mbele yake, mpaka umalize. Halafu umpe. Hili halikuandikwa popote pale tulipofanya kazi, na mimi mwenyewe nililijua nikiwa tayari nimezeeka katika kazi hiyo. Kama mtasahau mengine yote ninayowaambia hapa, shikeni hilo moja.

Mimi ni Kemunto. Nimefanya kazi katika makao ya wanyama waliotupwa, kule chini ya barabara ya Keumbu, tangu yakiwa mabanda mawili ya mabati hadi magoti yangu yalipogoma. Nyinyi vijana mnaoanza sasa mnakuta maji ya bomba na sakafu ya saruji yenye mteremko. Sisi tulichota maji kijitoni, na mvua ikinyesha tulisukuma matope kwa jembe. Simlaumu mtu. Nataka tu mjue kwamba mteremko huo kwenye sakafu, unaopeleka mkojo nje wenyewe, ulikuja baada ya migongo ya watu kuumia.

Majirani zangu hawakuwa na jina la kazi yangu. Waliiita kupikia mbwa. Nikipita sokoni jioni mama mmoja muuza mboga alikuwa haachi kuniita:

"Kemunto! Mbwa wako wamekula nini leo?"

"Ugali na omena."

"Omena! Mimi nina watoto nyumbani hawajaona omena tangu Jumapili. Hebu niambie, nafasi ya mbwa ikitokea huko, utaniita?"

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Sikuona haya. Mtu aliyewahi kupika chungu kimoja kwa ajili ya vinywa vingi haoni haya ya kupikia kinywa chochote.

Maana kazi ya kupika niliianza mapema. Baba yetu alikufa, na kabla miti ya kaburi lake haijashika vizuri mama naye akamfuata. Nilikuwa darasa la saba, mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule siku ambayo shangazi zetu walirudi makwao, kwa sababu asubuhi iliyofuata hakukuwa na mtu mwingine wa kuwasha moto. Nilichuna majani chai katika mashamba ya watu, nikapika, nikafua. Tulikaa hivyo kwa muda. Kisha wazee wa ukoo waliketi, wakasema boma la watoto watupu si boma, wakatugawa. Mdogo wangu wa kiume alipelekwa Keroka, mdogo wetu wa kike akaenda na mjomba Kisumu, wa mwisho akabaki kwa bibi. Hakuna aliyeteswa. Wote walikua, wana watoto wao. Tunakutana kwenye harusi na mazishi, tunasalimiana vizuri sana, kama majirani.

Nimeyasema hayo mapema ili mkifika mbele mjue nilikuwa natazama kwa macho gani.

Mwalimu wangu katika kazi hii alikuwa Daktari Akinyi, daktari wa wanyama kutoka upande wa ziwani. Watu wa kwetu walimwita daktari wa ng'ombe na hakuwasahihisha. Alikuwa mrefu, mpole kwa wanyama, mkali kwa sufuria chafu. Alinifundisha kushika paka kwa ngozi ya shingo na kumsaidia kwa mkono wa chini. Alinifundisha kumwangalia mbwa ufizi kabla ya kumwangalia jicho, na kutomkazia macho mbwa mwoga bali kuketi ubavuni mwake ukitazama kwingine, kama unayengoja mtu.

Tena alinifundisha kufuata mnyama mpaka nyumbani. Kumtoa mnyama getini, alisema, hata mtoto anaweza. Kwanza twende tuone boma anakokwenda. Akishahamia, turudi tena bila kutoa taarifa.

"Na ukirudi, nenda wakati wa chakula," aliniambia. "Usiende wakati wa chai ya wageni. Chai ya wageni kila mtu anaifanya vizuri."

Nilikosea mengi kabla ya kuelewa. Mzee Twalib, mwenye duka la nafaka mjini Kisii, alikuja kwetu kwa sababu panya walikuwa wamemtoboa magunia ya mchele mpaka wateja wakaanza kumtania kwamba anauza na kitoweo ndani. Tulimpa paka dume mweusi, mkubwa, tuliyemjua vizuri. Nilimpeleka mwenyewe ndani ya katoni yenye matundu, nikaifungua katikati ya duka, wateja wamesimama. Yule paka alipanda juu ya mizani, akaruka kwenye bega la mama mmoja, akatoka mlangoni. Tulimpata kwa muuza nyama, amejikunja chini ya meza, anaonekana ameshapata kazi nyingine.

Mzee Twalib alinitazama bila kucheka. "Binti yangu," alisema, "kumbe alikuja kusalimia tu?"

Tulirudia upya. Safari hii tulimfungia kwenye stoo ndogo pamoja na bakuli lake na gunia kuukuu alilokuwa akilalia kwetu, lenye harufu yake. Hakufunguliwa mpaka alipokula na kulala usingizi mzito humo ndani. Baada ya hapo hata mlango ukiachwa wazi hakwenda popote. Panya walihama. Mzee Twalib akisafiri, nilisikia kwa mjukuu wake, hupiga simu akamuulizia paka kabla ya kuuliza bei ya mchele. Kwa hiyo paka mpeni chumba kimoja kwanza. Nyumba nzima atajipa mwenyewe.

Watu wengi waliokuja kwetu walitaka vitoto. Walipita mbele ya mbwa wazima kama mtu anayepita mbele ya nguo za mitumba zilizokwisha chaguliwa. Niliwaambia, nanyi waambieni: mtoto wa mbwa humjui. Ni mzuri leo, lakini hujui atakuwa nani. Atakuwa mkubwa kiasi gani, atawapenda watoto au atawaogopa, ataua kuku au atawalinda, yote hayo bado yako mbele. Mbwa mzima ameshakuwa yule atakayekuwa. Sisi tumekaa naye, tumemsafishia, tumemwona akiwa na njaa na akiwa na hasira, na tutakuambia ukweli wake. Ameshachanjwa kichaa cha mbwa, amepewa dawa ya minyoo, amefungwa uzazi, hatakuletea kila msimu vitoto vya kutupa njiani. Na ukimtoa kwetu, banda lake linabaki wazi kwa mwingine ambaye usiku huo angelala mtaroni. Mlango unaofungulia mmoja umefungulia wawili.

Walisikiliza, wakaitikia kwa kichwa, wakauliza, "Na vitoto viko wapi?"

Majivu aliletwa na watu wa Mosocho. Alikuwa mbwa jike wa makamo, rangi ya jivu la kuni, sikio moja limepasuka. Mwenye boma, bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, alikuwa amekufa. Watoto wa bibi walikuja kutoka miji ya mbali, wakamzika vizuri kando ya migomba, wakafunga nyumba kwa kufuli, wakaondoka. Mbwa alibaki amelala juu ya udongo wa kaburi. Majirani hawakuipenda hali hiyo. Mwanamume mmoja aliyemleta alisema, "Mama, huyu hana kosa. Lakini kila tukipita pale tunahisi anatungoja sisi." Jina la mbwa hakuna aliyelijua. Bibi alikuwa akimwita kwa mluzi tu. Sisi tukampa jina la rangi yake.

Majivu alikataa kula.

Tuliweka ugali na mchuzi wa matumbo. Hakugusa. Tuliweka maziwa. Alinusa, akarudi nyuma, akaketi, akatutazama. Daktari Akinyi alimpima joto, akaangalia meno, koo, tumbo, akachukua damu. Hakuona ugonjwa. Mbavu zilianza kuhesabika. Kila siku tulimwekea chakula asubuhi, kama mbwa wote, na kila siku mwenzangu Onchari alikitoa jioni nzi wakiwa wameshakila.

"Huyu anamfuata bibi yake," Onchari alisema.

Nilijua daktari anawaza nini. Mnyama anayekufa polepole mbele yako, ukiwa na dawa ya kumpumzisha kabatini, ni jambo linalomsumbua daktari mwenye roho. Aliniambia tumngoje mpaka mwisho wa wiki.

Kisha mvua kubwa ikanyesha mchana, ile ya upepo, na bati la banda letu la kulia chakula likainuka. Tulichukua sahani zetu tukakimbilia kwenye kibaraza cha banda la Majivu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikavu. Tukala pale tumechuchumaa, ugali na mboga za saga na maziwa lala yaliyoganda, daktari, Onchari na mimi. Majivu aliketi nyuma ya wavu akitutazama mmoja mmoja. Onchari ndiye anayekula polepole kuliko sisi sote. Alipangusa sahani kwa tonge la mwisho, akalamba vidole, akaiweka sahani chini.

Majivu aliinuka, akaliendea bakuli lake lililokuwa pale tangu asubuhi, akala lote.

Mvua ilikuwa inapiga bati, na sauti ya yule mbwa akila ilisikika vizuri kuliko mvua. Daktari Akinyi ndiye aliyeanza.

"Nyumbani kwa mama yangu," alisema taratibu, "mbwa hupewa kilichobaki. Watu wakishamaliza."

"Kwetu pia," nilisema.

"Basi tumekuwa tukimwambia nini siku zote hizi? Kwamba ale kabla ya mwenye boma?"

Ndivyo ilivyokuwa. Sote watatu tulikulia katika maboma ambamo mbwa hula wa mwisho, na hakuna aliyewaza kwamba mbwa naye anaweza kuichukua kama adabu. Bibi wa Mosocho alikuwa akila ugali wake mlangoni, akimaliza anampa. Alikuwa na mtu mmoja wa kungojea. Kwetu hakumwona mtu yeyote akila, kwa hiyo alikuwa akingoja bado.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kumtazama. Najua namna ya kuketi huku sufuria iko mbele yako, ukitazama vinywa vya wengine, ukingoja uone kama kitabaki kitu. Nilifanya hivyo miaka yangu ya utoto. Sikudhani ningeiona kwa mnyama.

Tangu siku ile tulikula mbele ya Majivu, na mwili wake ukarudi. Lakini hakupata boma. Mwalimu mmoja alikuja akitaka mbwa mkali sana, ila asiwaume watu wa kanisa. "Atawajuaje, mwalimu?" Onchari alimuuliza. "Tuwafunge utepe?" Alipoonyeshwa Majivu alisema amezeeka. Mama mmoja alimpenda, kisha akasikia habari ya kaburi, akakumbuka ana haraka. Mwingine alisema sikio lile lililopasuka litaharibu sura ya geti lake jipya.

Nyaboke alikuja siku ya wingu, amevaa sweta ya shule ambayo nembo yake ilikuwa imetolewa uzi. Msichana mwembamba, mabega yameinuka kama mtu anayesikia baridi. Alisalimu vizuri, akakataa kiti.

"Nataka mbwa, Anti. Mkali. Hata leo."

"Wa nani?"

"Wa kwetu. Huko juu, upande wa Nyamira."

"Baba yako anajua umekuja?"

"Baba hayuko. Mama pia hayuko." Alisema hivyo haraka, kama mtu anayetaja anapoishi. "Niko na wadogo zangu. Kerubo yuko darasa la sita. Ombati ni mdogo."

Nilimwambia aketi, na mara hii aliketi. Habari yake ilitoka vipande vipande. Wazazi walikuwa wamekufa wakifuatana. Baba yao mdogo, ambaye wao walimwita Tatamoke, alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyamira, na ndiye aliyekuwa akiwasaidia. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kuku walikuwa wameibwa, na jioni moja mtu alisukuma mlango wao kisha akaondoka. Tatamoke alisema shule zikifungwa atamchukua Kerubo yeye mwenyewe, Ombati aende kwa shangazi yao Nakuru, na Nyaboke atafutiwe kazi ya nyumbani mahali.

"Anasema mimi mwenyewe nitawafuata wazazi nikiendelea hivi," alisema. "Anasema boma halina mtu. Halina hata mbwa."

Niliinuka nikaenda nikajifanya nafunga lango lililokuwa limefungwa.

Daktari Akinyi hakukubali upesi. Tulikuwa hatumpi mbwa mtu anayeweza kushindwa kumlisha, kwa sababu mbwa mwenye njaa huenda kwa jirani, na kwa jirani huwekewa sumu. Tulikwenda kuliona boma. Lilikuwa safi. Ua wa michongoma ulikuwa umepogolewa, kulikuwa na chai kidogo, migomba, mboga, ng'ombe mmoja wa jirani anayelishwa kwa kugawana maziwa. Makaburi mawili yalikuwa kando ya nyumba, yamepaliliwa. Daktari alizunguka akarudi.

"Wanaweza," alisema. "Tuwape mbwa yupi?"

"Majivu."

"Msichana anataka mbwa mkali, Kemunto."

"Anataka mbwa asiyeondoka."

Nyaboke alipomwona hakufurahi, na sikumlaumu. "Huyu ni mzee, Anti! Tatamoke atacheka mpaka aketi chini."

"Sikiliza, mwanangu. Nikikupa kitoto, utakuwa na mtoto wa tatu wa kulea. Kitakulilia, kitaharisha, kitatafuna kiatu cha shule cha Kerubo. Huyu anajua boma ni nini. Hafukuzi kuku. Hamuumi mtoto, nimemwona na watoto. Hapigi kelele ovyo, na akibweka, toka uangalie. Sindano zake amemaliza, hatakuzalia. Mchukue, na akikushinda mrudishe kwangu, wala sitakuuliza kwa nini."

Alimtazama kwa muda. Majivu alimtazama pia, kisha akageuza uso pembeni kwa heshima, kama tulivyofundishwa sisi kuwafanyia mbwa waoga.

"Anakula nini?"

"Mnachokula. Lakini kuleni kwanza nyinyi. Asipowaona mmekula, hali."

Siku chache baadaye simu yangu ililia. Sauti ya Nyaboke ilikuwa imekauka. "Anti, mbwa wenu ni mgonjwa. Hajala tangu aje. Tunakula mbele yake kama ulivyosema, na bado hali. Tatamoke anakuja Jumamosi. Akikuta mbwa amekufa getini, atasema nini?"

Nilikwenda siku ileile, na nilikwenda wakati wa chakula.

Walikuwa jikoni, mlango wazi, Majivu amelala kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, ubavu umeingia. Bakuli lake lilikuwa limejaa. Nyaboke aliinua ugali, akaukata, akawapa watoto, akanikatia mimi kipande kikubwa nilichojaribu kukikataa. Mboga zilikuwa chache, akazigawa. Kerubo alikula haraka, ana kazi ya shule. Ombati alikula huku akimtupia mbwa macho. Mimi nilikula. Tulipomaliza Nyaboke alikusanya sahani.

"Unaona, Anti? Tumekula wote. Hali."

Nilimtazama Majivu. Hakuwa akilitazama bakuli. Nimekaa na mbwa maisha yangu yote ya kazi, najua mbwa anapotazama bakuli na anapotazama mtu. Alikuwa anamtazama Nyaboke.

"Wewe umekula, Nyaboke?"

"Nimekula mapema, nikipika."

Nilikuwa nimelisema neno hilohilo mara nyingi sana, jikoni kwetu, kwa sauti hiyohiyo nyepesi. Wadogo zangu walikuwa wakiniamini.

Ombati hakuamini. Alikuwa mtoto mdogo, anaongea polepole. "Dada hajala," alisema. "Jana hajala. Majivu anajua."

"Ombati, nyamaza."

"Anajua. Anakutazama wewe tu."

Kerubo aliacha kufungua daftari. Nyaboke alisimama na sahani mkononi, na mabega yake yale yaliyoinuka siku zote yalishuka. Hakulia. Aliketi tu kwenye kigoda, kama mtu aliyeambiwa sasa anaweza kuketi. Nilichukua ukoko na kipande changu nilichokuwa nimekibakiza, Kerubo akaleta maziwa lala yaliyofichwa kwa ajili ya asubuhi, tukamwekea mbele. Hatukumsemesha. Alikula taratibu kwanza, kisha kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi.

Alipoweka sahani chini, Majivu aliinuka, akainama kwenye bakuli lake, akaanza kula.

Ombati alicheka kwa sauti. Sisi wengine hatukuweza.

Kabla sijaondoka nilimwambia Nyaboke nje, kando ya michongoma: "Kuanzia leo chakula kikiwa kidogo, kiwe kidogo kwa wote wanne. Ukimdanganya Kerubo utaweza. Huyu hutaweza." Nilimwambia pia aje kwetu siku za soko kusaidia kupika chakula cha mbwa, naye arudi na unga. Daktari Akinyi alikubali kabla sijamaliza kuuliza.

Jumamosi ile Tatamoke alifika, akaona mbwa, akasema shule zikifungwa tutaongea. Shule zilipofungwa Nyaboke aliniomba niwepo. Niliketi kwenye benchi nje. Majivu alimbwekea Tatamoke tangu kona ya njia, hata pikipiki haijazimwa, akasimama katikati ya geti, hakusogea mpaka Nyaboke alipomwita.

"Huyu mzee wenu ana sauti," Tatamoke alisema. Alikuwa mtu mnene, mchovu, uso wake mwema. Alimtazama Nyaboke. Aliendelea kumtazama. "Umenenepa."

"Ninakula, Tatamoke."

Tuliletewa chakula. Tulikula sote, na Tatamoke alikuwa ameanza kueleza habari ya Nakuru, shule nzuri, shangazi aliye tayari, akinyoosha kidole, tonge lake limebaki sahanini. Watoto walikuwa wametazama chini. Ombati ndiye aliyemkatiza.

"Tatamoke, maliza kula."

"Unasemaje?"

"Majivu anakungoja."

Tatamoke aligeuka. Mbwa alikuwa ameketi wima kando ya bakuli, macho kwake.

"Ananingoja mimi?"

"Anangoja kila mtu wa boma," Kerubo alisema. "Ukiwa hujamaliza, hali."

Yule mwanamume alitazama sahani yake. Alitazama makaburi ya kaka yake na shemeji yake, yaliyokuwa nyuma ya mbwa pale. Hakusema kitu cha Nakuru tena. Alichukua tonge lake akalila, akapangusa sahani, akaiweka chini ya benchi mahali ambapo mbwa angeiona.

Alipoaga, alisema akiwa tayari amepanda pikipiki, bila kumtazama mtu yeyote, "Wakae. Nitakuwa nakuja Jumamosi. Mpike."

Walikaa. Kerubo sasa ni fundi wa cherehani, Ombati ananipita kwa urefu. Nyaboke ndiye anayepika pale Keumbu siku hizi. Mtamkuta, na akikwambieni sufuria ni chafu, isugueni. Majivu alizeeka akafa akiwa usingizini, akazikwa kando ya migomba, na watu wa Mosocho wakisikia hilo huenda watafurahi.

Mimi niko peke yangu sasa. Nilipostaafu nilijichukulia mbwa mzee, dume, asiye na jicho moja, aliyekuwa amepitwa na kila mtu. Watu husema mbwa wa namna hiyo unamfanyia hisani. Sijui. Mtu anayeishi peke yake hukuta ni rahisi kunywa chai jioni akaiita chakula, na huyu nilimzoesha mwenyewe kula baada yangu.

Nyaboke hunipigia simu kila jioni.

"Anti, umekula?"

"Nimekula."

"Na mbwa?"

Nikimwambia mbwa amekula, hunitakia usiku mwema. Nikinyamaza, hunyamaza pia, na hakati simu mpaka asikie nimefunua sufuria.